Usipike namba: mwongozo kamili wa kusoma fizikia chuo kikuu nchini Uganda

Wiki ya tatu ya mwaka wangu wa kwanza tuliingia maabara tukapewa uzi, kipande cha shaba chenye ndoano, rula ya mita na stopwochi. Kazi ilikuwa ileile ya sekondari: bembeza pendulamu, tafuta mchapuko wa mvutano wa dunia, yaani g. Nikapata 9.77. Miaka yote ya sekondari nilikuwa nimeambiwa 9.81, basi nikafuta safu mbili za muda, nikaandika muda unaofaa, na g ikatoka 9.81 safi kabisa. Wanafunzi tunaita hiyo kupika. Msimamizi wa maabara akaipitia karatasi yangu, akaniuliza kwa upole, "Kumbe leo tuko London?"

Sikumwelewa hadi jioni. Dunia inazunguka na imetuna kidogo katikati, kwa hiyo g haifanani kila mahali: kwenye ikweta, usawa wa bahari, ni kama 9.780, na kwenye ncha za dunia ni kama 9.832. London ni 9.81. Kampala iko jirani na ikweta, tena iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na g yake ni kama 9.78. Namba niliyoifuta ilikuwa karibu na ukweli kuliko ile niliyoipika. Naanza na aibu hii kwa sababu karibu kila ushauri ulioko hapa chini ni namna moja au nyingine ya kuacha kupika.

Kabla ya kujaza fomu

Kama bado uko kidato cha tano au cha sita, mchepuo wako ni jambo la kwanza. PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, ndiyo njia pana kuliko zote. PEM, yenye uchumi badala ya kemia, inakubalika kwa kozi kadhaa, ila soma tangazo la chuo husika neno kwa neno. Fizikia bila hisabati ya ngazi kuu ni safari ya kupanda Rwenzori na kandambili. Wapo waliofika, lakini usiwe wewe wa kujaribu.

Vyuo vya umma havihesabu alama za UACE, mtihani wa taifa wa kidato cha sita, kwa uzito sawa. Kwa mfumo uliozoeleka, A ni pointi 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2 na O ni 1. Masomo ya lazima kwa kozi uliyoomba huzidishwa kwa 3, linalohusiana kwa 2, yanayopendelewa kwa 1, na mengine kwa nusu. Tuseme umepata A ya hisabati, B ya fizikia na C ya kemia, na kozi inahesabu hisabati na fizikia kuwa za lazima: 18 na 15 na 8, jumla 41. Ongeza pointi moja ya General Paper, karatasi ya maarifa ya jumla, na moja ya kompyuta kama somo dogo (subsidiary), unafika 43, kisha vijialama vya kidato cha nne. Msichana huongezewa 1.5, utaratibu ulioanza Makerere mwaka 1990. Piga hesabu hii kwa kila kozi unayoiwazia kabla ya kupanga machaguo yako, kwa sababu matokeo yaleyale yanaweza kukupa uzito tofauti kabisa kozi kwa kozi. Nimeona kijana aliyeweka fizikia chaguo la nne akidhani hatapata ya kwanza, akapata hiyo ya nne, na uzito wake ulikuwa unatosha kuipata mapema na kwa ufadhili wa serikali.

Shahada ipi, na chuo kipi

Kuna njia tatu hivi. Ya kwanza ni shahada ya sayansi yenye fizikia, kwa kawaida miaka mitatu, mara nyingi pamoja na somo la pili kama hisabati. Ya pili ni shahada ya sayansi na elimu, ambayo inakutoa ukiwa mwalimu. Ya tatu ni shahada za pembeni: uhandisi, jiofizikia, hali ya hewa.

Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ina idara kongwe ya fizikia ndani ya Chuo cha Sayansi Asilia. Mbarara, chuo cha sayansi na teknolojia kilichoanzishwa 1989, ni kidogo na mhadhiri anaweza kukujua kwa jina. Kyambogo ina mizizi mirefu ya kufundisha walimu. Gulu, Busitema, Muni kule Arua na Kabale nazo zinafundisha sayansi na elimu ya sayansi, na kwa mtoto wa Arua au wa Busia gharama ya kukaa karibu na nyumbani si jambo la kudharau. Kabla ya kuamua, uliza jambo moja tu kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa pale: mnafanya maabara mara ngapi kwa wiki, na watu wangapi kwenye meza moja? Jibu lake litakuambia zaidi ya jarida lolote la rangi.

Kuhusu ualimu, acha kuudharau kwa sababu ya mdomo wa wajomba. Tangu Julai 2022 serikali ilipandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi wa sekondari mwenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Ukichukua shahada ya sayansi tupu na baadaye ukataka kufundisha, utalazimika kurudi kusoma stashahada ya uzamili ya elimu. Ukijua tangu mwanzo kwamba unapenda darasa, jiokoe safari hiyo.

Pesa na vifaa

Ukikosa ufadhili, kuna mikopo ya HESFB, bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Inalipa ada ya masomo, ada za uendeshaji na za utafiti. Chakula na hosteli hailipi, na hapo ndipo wengi hukwama. Panga bajeti yako kuanzia kodi ya chumba. Ada mzazi anaipanga miezi sita kabla, lakini chumba cha Kikoni, mtaa wa hosteli jirani na Makerere, kinadaiwa kesho asubuhi.

Vifaa ni vichache. Kikokotoo cha sayansi, kilekile cha kidato cha sita. Daftari kubwa la maabara lenye kurasa zisizochanika. Kompyuta iliyotumika inatosha, mradi iendeshe programu za hesabu na betri yake ihimili umeme ukikatika. Testa ya kupima umeme, ile ya mafundi wa simu, inapatikana madukani kwa bei ndogo, na itakufundisha zaidi ya kalamu kumi za rangi.

Vitabu usinunue wiki ya kwanza. Tazama mwongozo wa kozi, nenda maktaba, kaa na vitabu viwili vya mada ileile, uone kipi kinaongea nawe. OpenStax wanatoa kitabu cha fizikia ya chuo kikuu bure, katika juzuu tatu. Kipakue mara moja ukiwa kwenye waifai ya chuo. PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado wana majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta, nayo yakishapakuliwa yanafanya kazi bila bando.

Muhula wa kwanza: hisabati iingie mbele

Muhula una wiki 15 za kufundishwa na kama 2 za mitihani. Yuniti moja ni saa moja ya mhadhara kila wiki, na saa mbili za maabara zinahesabiwa kama moja. Hapo kuna mtego: maabara inakula muda wako maradufu ya yuniti inazokupa, na ripoti zake zinaandikwa usiku.

Anayeshindwa mwaka wa kwanza ni nadra ashindwe na fizikia yenyewe. Anashindwa na hisabati iliyo chini yake. Mekanika itakutaka milinganyo ya kutofautisha (differential equations) kabla darasa la hisabati halijaifikia. Umeme na sumaku vitakutaka vekta katika pande tatu. Usisubiri. Likizo ile ndefu baada ya UACE, wakati wenzako wanajifunza udereva, rudia kalkulasi yote ya kidato cha sita, kisha ongeza mambo matatu: mfululizo wa Taylor, namba changamano na milinganyo rahisi ya kutofautisha. Maswali ishirini kwa kila mada, kwa mkono. Saa moja kwa siku kwa miezi miwili inatosha.

Mihadhara ikianza, fanya hivi. Jioni ya siku ileile, kabla ya kulala, funga daftari, chukua karatasi tupu na ujaribu kuijenga upya fomula kuu ya siku hiyo tangu mwanzo. Utakwama. Weka alama pale ulipokwama, fungua daftari, tazama mstari huo mmoja tu, funga tena, endelea. Kusoma daftari huku ukitikisa kichwa kukubali ni kupika kwa aina yake: unajionyesha matokeo ambayo hukuyapata.

Tatizo la neno "nguvu"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sijaona mwongozo unaolisema na lilinigharimu muhula mzima.

Nilikulia kota za polisi, na kota za polisi Uganda zinaongea Kiswahili: baba Muacholi, jirani Mteso, rafiki Muganda, wote mnaelewana kwa lugha moja uani. Mhadhara ni wa Kiingereza, lakini kichwa kinachopokea kimejengwa kwa lugha nyingine. Katika Kiswahili cha uani neno "nguvu" linabeba mizigo minne: nguvu ya kusukuma gari lililokwama, nguvu iliyobaki kwenye betri, nguvu uliyotumia kupandisha jerikeni ghorofani, na nguvu ya jenereta. Kiganda nacho kina "amaanyi", linalobeba mizigo ileile. Fizikia inavitenga vitu hivyo kwa ukali. Kusukuma ni kani, inapimwa kwa newton. Kilichomo kwenye betri ni nishati, kwa joule. Kupandisha jerikeni ni kazi, nayo kwa joule. Uwezo wa jenereta ni kazi kwa kila sekunde, kwa wati, na kwangu mimi neno nguvu nimelibakizia hiki cha nne peke yake.

Jaribu kwa Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla. Yuniti unazonunua kwa simu ni nguvu au ni nishati? Birika la umeme la wati 2,000 likiwaka nusu saa limekula yuniti moja, yaani kilowati-saa moja. Likiwaka saa nzima, mbili. Birika ni lilelile, nguvu yake haikubadilika hata kidogo. Kilichoongezeka ni nishati. Kwa hiyo Yaka inauza nishati. Siku nilipoielewa hiyo, nusu ya sura ya umeme ilinifungukia.

Joto nalo vivyo hivyo. Tunasema "chai ina joto" na "leo kuna joto", lakini joto na halijoto ni vitu viwili. Kikombe cha chai cha robo lita kinaweza kuwa nyuzi 80, na pipa la lita 200 likawa nyuzi 30 tu, vuguvugu. Vyote vikipoa hadi nyuzi 20, pipa litakuwa limetoa joto zaidi ya mara mia ya kikombe. Piga hesabu mwenyewe, uwezo wa maji kubeba joto ni joule 4,200 kwa kilo kwa nyuzi.

Zoezi ninalopendekeza: kila wiki chukua dhana moja uieleze kwa Kiswahili kwa mtu ambaye hasomi sayansi. Mama muuza chapati, mdogo wako, bodaboda aliyepaki. Ukilazimika kuchomeka neno la Kiingereza ili upite, hapo ndipo hujaelewa.

Namna ya kukaa na swali

Sekondari inatuzoesha hivi: soma swali, tafuta fomula yenye herufi zilizotajwa, weka namba, bonyeza. Chuo kikuu swali linakuja bila herufi. Mfano: bwawa la umeme la Karuma kwenye mto Nile lina mitambo sita ya megawati 100, na maji yanaanguka takriban mita 70. Mto unapaswa kupitisha maji kiasi gani kila sekunde?

Usikimbilie kikokotoo. Chora kwanza: maji juu, maji chini, mtambo katikati. Sema kwa maneno kinachotokea: maji yanapoteza nishati ya mahali, mtambo unaibadilisha kuwa umeme. Kisha chukua mita moja ya ujazo tu. Ina kilo 1,000. Ikianguka mita 70 inatoa 1,000 mara 9.78 mara 70, yaani joule 684,600. (Ndiyo, 9.78. Karuma nayo iko Uganda.) Megawati 600 ni joule milioni 600 kila sekunde. Gawanya: mita za ujazo 876 kwa sekunde.

Wengi huishia hapo na kupiga mstari chini ya jibu. Kazi bado haijaisha. Je, vipimo vinakubaliana, joule kwa sekunde gawanya kwa joule kwa mita ya ujazo? Ndiyo. Je, nimedhani nini kimyakimya? Kwamba hakuna kinachopotea. Mitambo ikibadilisha asilimia 90 tu, mahitaji yanapanda hadi kama 974. Je, Nile inaweza kutoa hayo? Mtiririko unaotoka Ziwa Viktoria huwa ni mamia kadhaa hadi elfu moja na zaidi za mita za ujazo kwa sekunde, kwa hiyo jibu linakaa mahali pake, na papo hapo unaona kwa nini mto ukipungua mitambo yote sita haiwezi kuwaka kwa ukamilifu. Kama ungepata mita za ujazo 9, au laki 9, ungejua umeteleza bila kuangalia majibu nyuma ya kitabu.

Fanya maswali machache kwa namna hii, matano kwa wiki kwa kila kozi, badala ya hamsini ya kunakili. Swali likikushinda kwa dakika arobaini, liache, lala, lirudie asubuhi. Likikushinda tena, ndipo uende kwa wenzako.

Maabara

Turudi kwenye ule uzi. Urefu ukiwa mita 1, pendulamu ya Kampala inabembea kwa sekunde 2.009, ya London kwa 2.006. Ukihesabu mibembeo 20, kama tulivyofundishwa, tofauti ni sekunde 0.06: 40.18 dhidi ya 40.12. Kidole gumba cha binadamu kinachelewa kwa sehemu moja au mbili za kumi ya sekunde. Maana yake kwa mibembeo 20 huwezi kabisa kujua uko Kampala au London. Hesabu 100 na tofauti inakuwa 0.3, hapo angalau unaongea.

Urefu je? Ukikosea milimita 3 kwenye mita moja, g inahama kwa 0.03, ambayo ndiyo tofauti yenyewe ya 9.78 na 9.81. Na ni rahisi kukosea milimita 3, kwa sababu urefu unaishia katikati ya kipande cha shaba, na si kwenye ndoano. Pembe je? Vitabu vya sekondari vinaruhusu nyuzi 10. Nyuzi 10 zinaurefusha mbembeo kidogo na kuishusha g kwa karibu 0.04. Anza na nyuzi 5, yaani usiivute zaidi ya sentimita 9 pembeni kwa uzi wa mita moja. Kwa hiyo hata 9.77 yangu ya mwanzo huenda ilikuwa bahati tu, na ningeliandika hilo kwenye ripoti ningepata alama nzuri.

Njia bora ni kubadilisha urefu mara sita au saba, kisha kuchora grafu ya muda kipeo cha pili dhidi ya urefu. Kama umekosea urefu kwa kiasi kilekile kila mara, mstari mzima unahama lakini mteremko wake haubadiliki, na g inatoka kwenye mteremko. Grafu imekusamehe kosa ambalo hukujua unalo.

Sheria zangu za maabara, zilizobaki. Andika kwa kalamu ya wino, na ukikosea piga mstari mmoja usiofuta. Andika namba kama ilivyosomeka kabla ya kuizungusha. Chora grafu palepale, kabla hamjafungasha vifaa, ili nukta iliyopotoka uipime tena. Usinakili jedwali la meza ya pili. Wasimamizi wanayajua, na namba mbili zinazofanana hadi desimali ya tatu hupiga kelele zenyewe. Na kipimo kikikataa kukubaliana na kitabu, jiulize kwanza uko wapi. Maji ya Kampala huchemka kwenye nyuzi kama 96, na kila mwaka kuna mtu anaandika kwamba kipimajoto ni kibovu.

Diskasheni

Watu wanne wanatosha. Saba ni mkutano wa harusi. Kila mmoja aje akiwa amejaribu maswali, hata kama amekwama, na anayeeleza asimame ubaoni bila daftari. Kikundi chetu kilikuwa na dada wa Busia, Mkongo mmoja na kijana wa Bombo, tulijadili kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza, na aliyechelewa alinunua kikomando cha wote. Chapati na maharage vilituvusha thamodinamiki.

Kama hamna mtu anayeelewa mada, nendeni ofisini kwa mhadhiri mkiwa wawili, mkiwa na karatasi inayoonyesha mlipofika. Ukiingia na "mwalimu, sielewi kitu" utatoka vilevile. Ukiingia na "nimefika mstari wa nne, alama ya kutoa imetoka wapi?" utapata dakika ishirini.

Mitihani na alama

Kazi za muhula na mtihani wa mwisho hugawana alama, na mwongozo wa kozi unasema kwa uwiano gani. Ujue wiki ya kwanza. Makerere hupima kwa wastani wa hadi 5.0: kuanzia 4.40 ni daraja la kwanza, 3.60 hadi 4.39 daraja la pili la juu, 2.80 hadi 3.59 la pili la chini, na kuanzia 2.00 ni kufaulu tu. Wastani ukishuka chini ya 2.00 unawekwa kwenye uangalizi. Kufaulu kozi ni 50. Chini ya hapo unairudia, ndiyo ritek, na ubaya wake mkubwa ni kwamba inagongana na ratiba ya mwaka ulio nao. Mwaka wa kwanza unahesabiwa kama wa mwisho, usimsikilize anayesema ni wa kuzoea mazingira.

Mitihani iliyopita itumie wiki mbili za mwisho tu, ukiwa na saa mezani na daftari limefungwa. Ukianza nayo wiki ya pili, utajifunza mtihani na si fizikia, na mhadhiri mpya akija umekwisha.

Jambo la karatasi: saini orodha ya mahudhurio kila mara, tunza kila karatasi ya jaribio iliyosahihishwa, piga picha ya kila ripoti uliyokabidhi. Mimi alama za kozi moja zilipotea, na kilichoniokoa ni karatasi mbili za majaribio nilizokuwa nimezitia kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro. Wenzangu wawili wasiokuwa nazo walikaa mwaka mzima wakipanda na kushuka ngazi.

Mwaka wa pili na wa tatu

Mwaka wa pili ndio mgumu, wanaokuambia ni wa tatu wamesahau. Mekanika ya kwanta inakuja, umeme na sumaku vinavaa kalkulasi ya vekta, na mambo yote yanakwenda haraka. Kwanta usiitafutie picha ya sekondari ya elektroni zinazozunguka kama sayari. Fanya hesabu ya chembe iliyofungiwa kwenye sanduku hadi uiote, kwa sababu nusu ya kozi ni sanduku hilo likibadilishwa kuta.

Jifunze Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kuanzia likizo ya mwaka wa kwanza, hata kama hakuna kozi inayoidai. Anza na kitu unachokijua: pendulamu ya pembe kubwa, ambayo fomula rahisi inashindwa. Mistari thelathini ya programu itakupa mbembeo wa nyuzi 60, na ukiulinganisha na uzi halisi uliofungwa dirishani hosteli utakuwa umefanya utafiti wako wa kwanza.

Intanshipu huangukia kwa kawaida mwishoni mwa mwaka wa pili. Andika barua mapema, Januari kwa ajili ya Juni. Mahali pa kuwazia: ofisi za serikali za hali ya hewa, UNBS, shirika la viwango, kwenye vipimo na mizani, Baraza la Nishati ya Atomiki linalosimamia usalama wa mionzi, mabwawa ya umeme kuanzia Jinja hadi Karuma, jiofizikia ya mafuta na ya jotoardhi upande wa magharibi, na hospitali. Fizikia ya tiba ina njaa ya watu: mwaka 2016 mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini iliharibika pale Mulago na baadhi ya wagonjwa wakapelekwa Nairobi. Mashine kama hiyo haiendeshwi na daktari peke yake, inahitaji mwanafizikia wa kupima dozi. Na anga nalo si ndoto tena: setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, ilirushwa Novemba 2022, ikiwa imetengenezwa na wahandisi watatu Waganda wakisoma Japani.

Mradi wa mwaka wa tatu, chagua kitu unachoweza kukipima kwa vifaa vilivyopo chuoni na ambavyo havijaharibika. Nenda ukaviguse kabla ya kuandika pendekezo. Mwenzangu alipanga mradi mzuri sana juu ya osiloskopu, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye skrini, ambayo ilikuwa kabatini tangu hatujazaliwa, na ilipowashwa ilitoa moshi. Akahamia kupima paneli ya sola juu ya paa la hosteli, kila nusu saa kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni kwa wiki tatu, kwa testa ya mafundi na daftari. Siku za mawingu namba zake zilirukaruka vibaya mno, akaja kuniuliza kama azilainishe kidogo. Tulikaa nazo hadi usiku. Kulikuwa na dakika chache ambapo paneli ilitoa zaidi ya ilivyotoa siku ya jua kali bila wingu, na tukadhani testa imekufa, mpaka tukatambua kwamba kingo za mawingu zilikuwa zikirudisha mwanga wa ziada juu ya paneli. Sura hiyo ndiyo iliyosomwa kwa makini kuliko zote siku ya utetezi.